Mgawa Nyama wa Ijumaa

Mkunazini, Mjini Unguja
Jumanne, 12 Novemba 2024

Mjukuu wangu Yusra,

Assalaamu alaykum. Mie babu yako Mjaka Usi nina umri wa miaka sabini na tisa, na nimevipita vingi. Nimeyapita Mapinduzi, nimeipita miaka ya foleni ya unga na sukari, nimekipita kipindupindu, nimewazika wake wawili Mungu awarehemu, na nimemzika yule daktari aliyenambia nisipoacha chumvi sitofika sitini. Kwa hivyo hiyo nyumba uliyotiwa, na geti lake na kufuli lake, nayo tutaipita.

Utashangaa kuona babu ameandika kwa mkono wake. Nilisoma kisomo cha watu wazima, nikaacha kabla ya cheti kwa kuwa mwalimu alikuwa mkaidi. Herufi zangu zimelala kama dagaa chanjani, lakini zasomeka. Simu hamruhusiwi, na mie kuja sitokuja. Hapo uniwie radhi. Nimeapa mbele ya Shamsi wa bodaboda na wazee wote wa barazani kwamba Mjaka Usi, mpishi ambaye watu wakila pilau yake wananusa vidole mpaka siku ya pili, hatopita geti la askari kwenda kumtazama mjukuu wake. Nitalipita siku ya kukuchukua tu.

Na siku hiyo si mbali. Hakimu amesema mwezi wa Februari, kabla ya Ramadhani kuandama, ataisoma ripoti ya tabia yako, na akiridhika atakurudisha kwangu. Hilo ndilo nnaloliomba kila sala. Nataka ufuturu hapa, kwenye mkeka huu, na mie.

Anayeniuliza nnamjibu: mjukuu wangu hakumgusa mtu. Wenzako ndio waliompiga yule mtoto pale Darajani. Wewe ulishika simu ukapiga picha, ukawarushia watu. Picha haivunji jino. Basi na humo ndani usimguse mtu. Mkono wako usiinuke, na utarudi.

Niandikie unakula nini.

Babu yako,
Mjaka Usi, mpishi


Nyumba ya Malezi, njia ya Fumba
20 Novemba 2024

Babu, shikamoo.

Barua nimeipata, ahsante sana. Nimeisoma mpaka imechoka. Bi Tahiya alicheka alipofika kwenye daktari. Huyu Bi Tahiya ndiye mlezi wetu, na barua zote anazipitisha macho. Ripoti ya hakimu pia anaandika yeye.

Chumbani kwetu tuko wanne. Mkubwa ni Bashira, wa Mwanakwerekwe, yuko hapa zamani. Siku niliyoingia nilitoa salamu. Hakuna aliyeitika. Nikadhani hawakusikia, nikatoa tena. Bashira akawaambia wenzake, "Naskia mbu. Nani kaacha dirisha wazi?" Wakacheka, kisha wakaendelea na mazungumzo yao kama chumba kitupu.

Ndiyo hivyo mpaka leo. Chakula tunakula sinia moja. Bashira ndiye anayegawa kitoweo na mimi ananiruka, nnakula wali mkavu. Nikikaa wanasogea. Wananizungumza nikiwa pale pale, kama wanamzungumza maiti. Hawanipigi, Babu. Bora wangenipiga, ningekuwa na kitu cha kumuonesha Bi Tahiya. Sasa nitamwambia nini? Kwamba hawanitazami?

Ijumaa wenye watu wao wanaletewa chakula. Mimi hukaa nikatazama.

Mama amepiga kutoka Maskati? Usimwambie niko huku. Au mwambie. Sijui.

Mjukuu wako,
Yusra


Mkunazini
Alkhamisi, 21 Novemba 2024

Yusra wangu,

Barua yako imenikuta nnasafisha mchele, nikauacha. Mama yako hajapiga. Akipiga tutajua la kumwambia.

Sasa sikiliza, maana hili si la Bi Tahiya kukufundisha, hili ni la kwangu. Nimeandaa shughuli maisha yangu yote, harusi, hitima, maulidi, na nnakwambia sinia halina usawa. Wali uko wa kila mtu, kila mtu anakula upande wake. Lakini nyama inakaa katikati kama bwana harusi, na mmoja ndiye anayeichambua na kumsukumia kila mtu fungu lake. Huyo mgawa nyama hata awe kibogoyo, wenzake wote wanamtazama mkono. Nilimuona kwa macho yangu, harusi ya Malindi, tajiri mwenye majumba akimchekea kinyozi. Kwa nini? Kinyozi ndiye mkubwa wa sinia, na mnofu uko mbele yake.

Kesho Shamsi atakuletea pilau ya mbuzi. Sinia limeletwa kwako, basi mgawaji ni wewe, sio huyo Bashira. Akinyoosha mkono mwambie, "Tulia, dada, hichi kimetoka kwetu." Anayekuheshimu mpe mnofu. Anayekudharau mkono umpite, tena umpite huku unamtazama. Neno jingine usiseme. Mtu usimguse. Hazitopita Ijumaa nyingi watakuitikia salamu hata kabla hujaitoa.

Namshukuru Mungu hakuninyima mikono. Wengine wana mawakili, wewe una pilau.

Babu yako,
Mjaka Usi


Nyumba ya Malezi
15 Desemba 2024

Babu wangu mpenzi, shikamoo!

Babu, wewe ni mchawi. Ijumaa ya kwanza Bashira alinuna, akala wali. Ya pili akanambia, "Dada wa Mkunazini, babu yako anatia nini humu?" Ya tatu akaniwekea mahali ubavuni pake. Sasa hata nikiingia kutoka msalani wananiitikia. Nnakushukuru, Babu. Sijui ningekuwaje bila ya wewe.

Tumeletewa mwengine, tumekuwa watano. Anaitwa Nasima, wa Makunduchi. Wanasema alichoma banda la mjomba wake, mwenyewe hasemi kwa nini. Hana anayemtembelea, mamake hajaja hata siku moja. Anasema kile Kimakunduchi chao, hata hatumuelewi. Siku ya mwanzo alikaa kwenye sinia karibu yangu bila ya kukaribishwa, akanyoosha mkono kwenye nyama mwenyewe! Bashira akanitazama, na wote wakanitazama, waone nitafanya nini. Ikabidi nifanye.

Nikafanya vile ulivyonifundisha. Mkono ukampita huku nnamtazama. Tangu hapo tunamwita Mwani, kwa sababu mamake analima mwani. Akitoa salamu, Bashira anasema, "Kumekupwa, naskia harufu," na sisi tunaziba pua. Nyama simpi. Babu, sijamgusa hata kwa kidole, usiwe na wasiwasi. Ripoti itakuwa safi.

Lete na kachumbari, wanaipenda.

Yusra wako


Mkunazini
Jumanne, 17 Desemba 2024

Mjukuu wangu,

Barua yako nimeisoma barazani kwa sauti, sio yote. Nimewaambia, "Mmesikia? Damu ya Mjaka Usi hata ukiitia kwenye chumba cha kufuli inatoka juu kama mafuta." Mzee Kificho akasema mie mwenyewe nilianzia kuosha masufuria. Nikamwambia ndiyo, lakini yaling'ara.

Alhamdulillah. Mungu ametutazama. Hivi nimeshaanza kuutengeneza mkeka wa futari, nimemwita mtu aushone pembe.

Ijumaa hii naongeza nyama na kachumbari. Ila nimekumbuka jambo moja, la kimpishi tu. Huyo wa Makunduchi, akiwa nyama humpi na ubavuni hakai, anakula wapi? Sinia la watu watano nimelipima, halirudi na wali.

Babu yako,
Mjaka Usi


Nyumba ya Malezi
6 Januari 2025

Kwa Mzee Mjaka Usi,

Shikamoo, mzee wangu. Nnaandika kwa masikitiko. Msichana mmoja wa chumba cha Yusra, Nasima, alianguka asubuhi alipokuwa akifagia. Tumempeleka hospitali, amerudi, anaendelea vizuri kiasi. Daktari hakuona maradhi, ameona njaa. Mtoto huyu ameacha kula, na sisi walezi hatukujua, na hilo ni kosa letu kabla ya la mtu mwengine.

Nimewauliza wasichana mmoja mmoja. Nimesikia habari za nyama ya Ijumaa. Barua zako nilizipitisha mwenyewe, nikazicheka, sikuona kilichokuwa ndani yake. Kuanzia sasa chakula cha nje hakiingii chumba hicho mpaka tutengeneze mambo. Na yaliyotokea itabidi niyaandike katika ripoti ya hakimu.

Wako katika malezi,
Tahiya


Mkunazini
Ijumaa, 10 Januari 2025

Kwa Bi Tahiya,

Marahaba. Mie ni mtu mzima na nitasema kiutu uzima. Nimepika harusi za mawaziri, hapajapata kurudishwa sufuria langu getini. Leo Shamsi amenirudishia, la moto, mtaa mzima unatazama.

Mjukuu wangu hakumgusa mtu. Iandike hiyo katika ripoti, kwa wino. Kuna kofi? Hakuna. Kuna kucha? Hakuna. Mtoto amesusa kula, ni hiari yake, mie na wajukuu zangu hatumfungi mtu mdomo. Wali ulikuwepo. Kama kila anayekosa mnofu angeanguka, mie ningezika harusi nzima nzima.

Yusra mama yake yuko Maskati, hapigi. Baba simjui aliko. Ana mie tu. Ukiandika vibaya hatorudi kabla ya Ramadhani, na umri wangu huu sijui nimebakiwa na Ramadhani gani nyengine. Nnakuomba uwe na huruma, na mie si mtu wa kuomba.

Mjaka Usi


Nyumba ya Malezi
11 Januari 2025

Mzee wangu,

Barua yako haikunikasirisha. Ningekuwa na babu kama wewe ningefurahi.

Ni kweli hakumgusa. Ndiyo maana hatukuona. Wangepigana ningesikia kelele nikaja mbio. Hawa watoto humu hawana simu, hawana fedha, hawana mlango wa kufunga. Wana kitu kimoja tu cha kumnyima mwenzao, nacho ni kumkubali. Bashira alipokuja hapa alisemeshwa na ukuta tu. Yusra alipokuja akasemeshwa na ukuta. Alipopata mahali pa kukaa akaona lazima apatikane mwengine wa kusimama, asije yeye akainuliwa. Si roho mbaya, mzee. Ni hofu. Simu ya ofisini ikilia, Yusra husimama alipo. Kila siku. Anadhani ni mama yake. Mtu aliyezoea kuachwa hujifunza kuacha wenzake mapema.

Na Nasima hakususa chakula. Alisusa kukaa pale pa kukilia.

Njoo. Mpishi wetu amekwenda kwao Pemba kuuguza, na aliyeshika jiko ni mimi. Ijumaa iliyopita wali uliungua chini, juu ukabaki mbichi. Watoto wamekula wakashukuru, nami nikaona haya. Geti likiwa zito kwako, pita la jikoni.

Tahiya


Nyumba ya Malezi
19 Januari 2025

Babu, shikamoo.

Ijumaa ulikuja kumbe. Nilikuona dirishani ukigombana na askari wa geti, unamwambia sufuria halipekuliwi na mtu asiyetawadha. Bashira akauliza, "Huyo ndiye babu yako? Mbona mfupi?" Nikamwambia ngoja uonje. Nilifurahi mpaka miguu ikacheza.

Ulipoleta sinia chumbani kwetu tulikuwa tumeshakaa wanne. Nasima alikuwa mlangoni na kisahani chake cha plastiki. Ukamuuliza, "Wewe wangoja nini, mwanangu?" Akakujibu, "Nangoja makombo, babu." Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja jina lake.

Mimi nikasema haraka, "Shikamoo Babu." Ulinitazama. Hukuitika. Ulimshika Nasima mkono ukamkalisha pale nilipokuwa mimi, nikasimama, ukampa yeye nyama agawe. Akagawa. Alinipa na mimi, Babu, nimesimama vile vile. Nikageuka kukuonesha, umeshatoka. Hukuniaga.

Nimekukosea. Lakini niliyoyafanya yote ulinifundisha wewe, nimeyafanya kama ulivyoandika. Na wewe unajua ilivyokuwa kwangu nilipoingia humu, nilikwambia. Kisha ukaja ukanifanyia.

Yusra


Mkunazini
Jumanne, 21 Januari 2025

Yusra,

Marahaba. Marahaba, mjukuu wangu. Naiandika mara mbili, moja ni ya Ijumaa.

Mie si mtu wa kuomba radhi, mtaa mzima unalijua hilo, na wake zangu marehemu watashuhudia kiama. Kwa hivyo nitakueleza tu. Nimeandaa watu walionuniana, ndugu waliogombea shamba, bibi harusi na wifi zake, na wote nikawakalisha wakala. Hapajapata kutokea mtu akangoja mlangoni makombo ya pilau yangu na watu bado wanakula. Niliposikia neno lile la yule mtoto hasira ikanipanda, na sikujua niitue wapi. Aliyemuweka pale mlangoni ni nani? Mkono ulikuwa wako. Barua ilikuwa yangu. Sasa ningemgombeza nani? Nikakunyima salamu wewe, uliye mdogo na uliye karibu. Nilipofika Mwanakwerekwe nikamwambia Shamsi simamisha pikipiki. Nilikaa ukingoni mwa njia mpaka mwenye duka akaniletea maji. Kumbe ni rahisi hivyo. Huhitaji hata kuinua mkono.

Mwambie Bi Tahiya nnamshukuru. Yeye amenionesha kitu nikiwa na umri huu, na si wengi wanaothubutu. Ijumaa nnakuja, na nitakuja kila Ijumaa mpaka huyo mpishi wao arudi, na akirudi nitamfundisha kupika.

Sasa hakimu. Nataka urudi. Mkeka umeshashonwa pembe, uko pale ukutani, kila siku nnautazama. Lakini cha kusema mbele ya hakimu sikwambii. Nshakushauri mara moja, ukaona.

Babu yako,
Mjaka Usi


Nyumba ya Malezi
26 Februari 2025

Babu, shikamoo.

Uliinamisha kofia mahakamani sikukuona macho, kwa hivyo sijui umenikasirikia kiasi gani. Nimeona nikuandikie kwa nini.

Ripoti ilikuwa nzuri. Bi Tahiya aliandika ya nyama, lakini aliandika pia kwamba tangu Januari tunakaa wote na zamu ya kugawa inazunguka. Hakimu aliponiuliza, "Una la kusema?" ningejibu "Sina," leo ningekuwa hapo Mkunazini. Nilikuwa nimeshalitayarisha hilo "Sina."

Ila mamake yule mtoto wa Darajani alikaa nyuma yako, peke yake. Mtoto hakuja. Nikamsikia akimwambia karani kwamba siku hizi hatoki ndani, hata dukani hatumiki. Babu, yule mtoto alikuwa rafiki yangu. Hilo sikukwambia. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu shuleni wasiseme naye, kwa sababu alianza kukaa na wengine. Mimi ndiye niliyempigia, nikamwita aje Darajani tuyamalize, na nilijua wanamngoja. Ndipo nikashika simu. Ulikuwa unawaambia watu sikumgusa mtu, na kila ukisema nilikuwa nnashukuru kimoyomoyo kwamba hujui.

Basi nikasema yote, na ya huyo na ya Nasima. Umesikia mwenyewe alichojibu hakimu, nibaki mpaka baada ya Idi ya kuchinja, kisha nikamuombe radhi yule mtoto kama mwenyewe atakubali kuniona. Sitofuturu na wewe. Nisamehe.

Kuna jingine. Nilimtaja Bashira na wenzake mbele ya hakimu. Tangu jana hawasemi na mimi. Zamu yangu ya kugawa imerukwa. Nnaijua hii, nimeianzia. Usije Ijumaa hii, Babu. Sitaki uone.

Yusra


Mkunazini, Mjini Unguja
Alkhamisi, 12 Juni 2025

Kwa Bi Mwatum Wakil, mkulima wa mwani, Makunduchi

Assalaamu alaykum wa rahmatullah.

Hunijui. Mie ni Mjaka Usi wa Mkunazini, mpishi wa shughuli. Ukiwauliza watu wenu waliopata kuja harusi za mjini watanikumbuka kwa harufu. Sikuandikii kwa sababu ya kujisifu, ingawa ningekuwa na haki. Nnakuandikia kukushukuru, na shukurani yangu nimeichelewesha kwa sababu nilitaka niwe na ushahidi mkononi. Sasa ninao. Yuko jikoni hapa anakatakata vitunguu huku analia. Ni mjukuu wangu Yusra, amerudi nyumbani Jumanne.

Mwanao Nasima na Yusra walikuwa chumba kimoja. Mjukuu wangu alimtesa mwanao, Bi Mwatum. Nakwambia mie mwenyewe usije ukaambiwa na mwengine. Alimnyima nyama, salamu na jina, na mie ndiye niliyemfundisha la nyama. Mtoto wako alianguka chini kwa njaa. Ukitaka kuichana barua hii, ichane, lakini isome kwanza mpaka chini.

Ramadhani ilipoingia, mambo yalimgeukia Yusra. Alisema kweli mahakamani, wenzake wakamsusa. Alinikataza nisije. Mie sikatazwi na mtu. Futari ya Ijumaa ya kwanza nilikuwa jikoni kwao, nikapika uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi na samaki wa kupaka. Nikasimama dirishani kwa nje, nikamuona mjukuu wangu peke yake pembeni na bakuli lake. Kwenye sinia wamejaa wengine. Na mwanao yumo, tena amekaa pazuri, ubavuni mwa Bashira. Wameshampa mahali sasa. Unajua maana yake hiyo? Mie nnajua, nimeshaiona. Mtoto aliyengoja mlangoni wiki kwa wiki, akishapata mahali, hainuki kwa urahisi.

Nikataka kuingia. Wallahi nilishashika kitasa. Kisha nikakumbuka ushauri wangu ulivyotupeleka, nikatulia.

Adhana ikaadhiniwa. Wakafungua kwa tende. Nasima akachukua bakuli lake la uji, akainuka. Bashira akamuuliza, "Unakwenda wapi, we?" Akenda akakaa na Yusra. Yusra akaanza kulia ndani ya uji. Mwanao akasema neno, sikulisikia, dirisha lilikuwa mbali.

Baadaye nilimuuliza Yusra, "Alikwambia nini yule mtoto?" Nilitaraji neno kubwa, la kuandikwa. Akanambia, "Alisema nisogee, nimekalia kanga yake."

Basi ndivyo alivyo mwanao. Na Ijumaa ya pili Bashira akainuka na bakuli lake, ananung'unika kwamba pale kwenye sinia kuna joto. Wale wengine wawili wakabaki wanatazamana, mwisho wakalivuta sinia lenyewe kwenda walipo wenzao. Nimekuwa kwenye biashara ya kukalisha watu miaka yote hii, Bi Mwatum, na mtu wa kunifundisha kazi yangu amekuwa mtoto wa Makunduchi anayekataa kunambia kwa nini alichoma banda. Nnamshukuru Mungu kwa hilo. Nnakushukuru wewe uliyemzaa na ukamlea mpaka akawa hivyo. Kama si yeye mjukuu wangu angetoka mle na moyo mwengine, na mie ningempokea kwa pilau nisijue nimempokea nani.

Sasa nnafika kwenye haja yangu. Kesi ya Nasima itasomwa mwezi ujao. Bi Tahiya anasema hakimu hawezi kumtoa bila ya mtu wake kusimama kumpokea. Na anasema wewe hujaja kwa sababu kaka yako, mwenye banda, amekukataza. Hayo ni ya kwenu, siyaingilii. Ila mwambie hivi: Mjaka Usi wa Mkunazini amekuita, na kama ana ugomvi aje aulete hapa, mie nimeshachinja majogoo yenye sauti kuliko yeye. Ukija utalala kwangu. Yusra ametandika. Ule mkeka wangu wa futari haujakaliwa bado, nimesema utakaliwa na wewe kwanza.

Sikulaumu. Binti yangu yuko Maskati, alipiga mara moja siku ya Idi, na Yusra aliishika simu kwa mikono miwili hata baada ya kukatika. Mtu anaweza kukaa mbali kwa kuona haya na sio kwa kukosa mapenzi. Lakini mtoto hajui tofauti, Bi Mwatum. Anaona kiti kitupu.

Hizi habari si za kutiwa chumvi, ingawa kutia chumvi ni kazi yangu. Shahidi wa kwanza ni Bi Tahiya, mlezi wao, mwanamke asiyejua kupika na asiyejua kusema uongo. Wa pili ni Shamsi wa bodaboda, aliyebeba masufuria na barua zote, naye amesema atakufuata mpaka Makunduchi ukitaka. Wa tatu ni Bashira, ambaye mie hanipendi, kwa hivyo hatonipendelea. Na wa nne ni Nasima mwanao. Huyu ndiye anayejua yote kuliko sisi. Ila yeye hajibu kwa barua. Inabidi umuulize mwenyewe, huko njia ya Fumba ambako bado nnapika, siku ya Ijumaa, kabla ya sala. Geti la jikoni nitaliacha wazi.

Mjaka Usi